Wasomaji Wauliza: Siku Moja ya Kuizuru Ngome na Mji wa Kale wa Mombasa

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali, lakini nyingi zinaelekea mahali pamoja: kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu inabeba maswali ya wengi.

SWALI: *Mpendwa mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 14, na tunaishi Nakuru. Wakati wa likizo tutasafiri kwa treni hadi Mombasa pamoja na mama mkwe wangu, ambaye ana umri wa miaka 71 na magoti yake humsumbua. Tutafika jioni na kulala, kisha tutakuwa na siku moja nzima kabla ya kupanda treni ya usiku kurudi. Nimeandika orodha ya mahali pa kwenda: Fort Jesus, Mji wa Kale, zile pembe za ndovu za barabarani, magofu ya Gede, bustani ya wanyama ya Bamburi, feri ya Likoni, na ufukweni. Mume wangu anasema orodha hii ni ya wiki nzima, lakini mimi naona tukidamka mapema tutaweza. Ni nani kati yetu aliye na haki? — Mama Wawili, Nakuru*

JIBU: Mama wa Nakuru, kwa shingo upande nitamuunga mkono mumeo. Kudamka kunaongeza saa mbili, hakuongezi siku. Gede peke yake, ambayo iko karibu na Watamu upande wa Malindi, ni safari ya takriban kilomita 100 kutoka kisiwani, na mkifika huko mtaukuta mji mzima wa mawe uliomezwa na msitu, wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mahali hapo paliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na si pa kupitia kama mtu anayeshuka kununua maji akakimbilia gari. Iacheni Gede hadi siku mtakapolala Malindi. Bamburi nayo iko bara, ng'ambo ya daraja la Nyali, kwa hiyo iacheni pia, hata kama mtoto wa miaka 9 atanuna. Pembe za ndovu hazihitaji muda wowote: ziko katika Barabara ya Moi, ni za bati la alumini, na tuktuk itakayowapeleka mjini inaweza kupita chini yake huku watoto wakipiga picha.

Kilichobaki ni Ngome, yaani hiyo Fort Jesus, na mtaa ulioizunguka, nao unatosha siku nzima. Nawaambia hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita alinijia shangazi yangu kutoka bara, nami kwa pupa ya mwenyeji nikampitisha sokoni, nikamvusha feri kwenda na kurudi bila sababu yoyote, kisha nikamfikisha Ngomeni saa sita u nusu mchana, jua likiwa utosini. Shangazi alipanda mteremko wa langoni, akatafuta kivuli uani, akatandika leso juu ya jiwe, akaketi. Nilipomwita twende tukaone makumbusho alinijibu kwamba ameona ukuta, na ukuta ni ukuta. Makosa hayakuwa yake.

Basi fikeni langoni saa mbili asubuhi, kwani ndipo panapofunguliwa, na hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo leni mahamri kwa mbaazi za nazi, maana ndani hampaswi kuwa na njaa. Chukueni vitambulisho vyenu, kwa sababu kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni, na hakikisheni simu ina chaji na salio, kwani malipo ya idara za serikali siku hizi hupitia kwenye mfumo wa eCitizen na si vizuri kuanza siku kwa kuhangaikia mtandao.

Mkisha kuingia, jizuieni msikimbilie jumba la maonyesho, ingawa ndiko watu wengi wanakoelekea moja kwa moja. Anzeni juu ya kuta wakati bado kuna upepo wa asubuhi. Bibi abaki chini kivulini, kwani ngazi za kupandia kutani zitamchosha bure, ilhali ua wenyewe ni tambarare na ana mengi ya kuyatazama akiwa amekaa. Ninyi mkiwa juu, tazameni kwanza upande wa bahari, na mtafahamu papo hapo kwa nini Wareno walichagua jabali hili la matumbawe: kila chombo kinachoingia katika bandari ya kale hakina budi kupita chini ya mizinga. Ngome ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa amri ya mfalme Felipe wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja, na aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mchoro wake hufananishwa na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Mtoto wa miaka 9 mwulizeni mikono iko wapi na miguu iko wapi, nanyi mtapata robo saa ya utulivu.

Mkishuka, rudini langoni kidogo. Watu hupita chini ya jiwe lenye maandishi ya Kireno bila kuinua macho, na kwangu mimi jiwe hilo ni miongoni mwa vitu vinavyochekesha na kuogofya kwa pamoja katika Ngome nzima. Ni la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa uongozi wa Ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, na ambaye anajisifu humo kwamba ameijenga upya Ngome, ameitiisha pwani, na ameiadhibu miji ya Pate na Siu hadi kuzibomoa kuta zake. Kijana wa miaka 27 aliyechonga majivuno yake juu ya mlango ili kila aingiaye ayasome! Mtoto wako wa miaka 14 ataelewa haraka, maana hata yeye ana simu ya kujipigia picha.

Lakini kwa nini Ngome ilihitaji kujengwa upya miaka isiyofika 40 tangu ikamilike? Hapa ndipo pa kuwaketisha watoto karibu na bibi yao na kuwasimulia habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kutokana na ugomvi na Wareno, na yeye akiwa bado mtoto akapelekwa Goa, Uhindini, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa jina la Jerónimo, akarudishwa nyumbani akiwa mfalme Mkristo ambaye Wareno walitarajia kumchezesha watakavyo. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu, na Wareno wa mji mzima wakaangamizwa. Msafara uliotumwa kutoka Goa ulishindwa kumtoa, lakini mwaka 1632 aliondoka mwenyewe akaishia kuwa haramia wa baharini. Kisa hiki kikisimuliwa mahali kilipotokea, hata mtoto aliyekuwa akinung'unikia Bamburi atanyamaza.

Sasa ingieni makumbusho, jua likiwa limeanza kuchoma. Humo mna vyombo vya udongo na kaure kutoka Uchina, Uajemi na miji ya pwani yetu, na mna vitu vilivyoopolewa kutoka katika meli ya Kireno Santo António de Tanná, ambayo ilitumwa kuikomboa Ngome iliyozingirwa na Waomani ikazama chini ya kuta zake mwaka 1697. Wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980. Msizisome lebo zote. Chagueni vitu vitatu na mvitazame kwa makini, kisha ombeni kuonyeshwa michoro ya ukutani.

Michoro hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo roho ya Ngome. Askari na mabaharia wa Kireno, wakiwa wamechoka kungoja adui au zamu ya kulala, walichora juu ya chokaa vitu walivyokuwa wakiviona au kuviota. Kuna meli za Ulaya zenye milingoti na matanga mengi, kuna majahazi, na ndani ya msongamano huo kuna mtepe, kile chombo cha Waswahili ambacho mbao zake hazikupigiliwa msumari hata mmoja bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mkaribie, lakini msiguse. Mistari mingine ina mtetemo, kana kwamba mchoraji alikuwa amesimama juu ya kitu kisichotulia, na mingine imepita juu ya mwenzake kwa kuwa nafasi ilikwisha. Maandishi ya langoni ni ya kapteni, na haya ya ukutani ni ya watu ambao hakuna aliyeyaandika majina yao. Mkitoka hapo mtakuwa mmetumia saa tatu, na bibi hatakuwa amepanda ngazi hata moja.

Saa sita ondokeni. Tafuteni chakula katika mikahawa midogo ya Mji wa Kale, pilau au wali wa nazi kwa samaki wa kupaka, na kaeni hadi jua lipungue. Wageni wengi hawakubali ushauri huu kwa kuogopa kupoteza muda, nao ndio nitakaowakuta saa tisa wakigombana mbele ya duka la vinyago.

Alasiri tembeeni Ndia Kuu, ambayo ni njia kuu kwa matamshi ya Kimvita, na msiwe na pa kufika. Nyumba za hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo sababu chumba cha tajiri kiliweza kuwa kirefu sana lakini si kipana. Simameni mbele ya mlango mmoja wa nakshi. Tazameni mfaa, ule mti wa katikati unaogawa mbao mbili za mlango, kisha kizingiti cha juu kilichochongwa maua na majani, kisha misumari mikubwa ya shaba, halafu linganisheni na mlango wa nyumba ya pili yake, ambao huenda umechongwa kwa mtindo wa Kihindi. Milango miwili ikitazamwa vizuri inafaa kuliko milango 20 iliyopigwa picha. Kwenye baraza nje ya nyumba mtaona wazee, na salamu ya watoto wenu, ikianza kwa shikamoo, inaweza kuwafungulia mazungumzo ambayo hayauzwi kwa tiketi. Msikiti wa Mandhry, ambao ulianzishwa mwaka 1570 na hivyo umeitangulia Ngome, utautambua kwa mnara wake mweupe uliochongoka juu kama pia iliyogeuzwa. Si wa kuingia kama mtalii, utazameni kutoka barabarani.

Bibi akichoka, kuna muuza kahawa. Kahawa tungu inayomiminwa kutoka katika dele hadi kwenye kikombe kisicho na mkono, pamoja na kashata, imewafufua wengi waliokuwa na magoti mabaya kuliko yake.

Na feri? Jioni chukueni tuktuk hadi bustani ya Mama Ngina, kwenye mlango wa bahari wa Kilindini, kati ya mibuyu. Kutoka hapo mtaziona feri za Likoni zikivuka na kurudi, na meli za mizigo zikipita karibu mno hata watoto watataka kuwapungia mabaharia mkono. Nunueni mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu. Stesheni ya treni iko Miritini, mbali na kisiwa, na magari ya jioni hujaa, kwa hiyo ondokeni zikiwa zimebaki saa tatu kamili kabla ya treni yenu kung'oa nanga hata mkiona ninawatia hofu.

SWALI: *Shikamoo mhariri. Mimi ni kijana kutoka Tanga. Nilipozuru Ngome ya Mombasa, mtu mmoja alinipokea nje kabla sijafika langoni akaanza kunieleza historia bila kuniuliza. Aliniambia kwamba Ngome ilijengwa na Vasco da Gama mwaka 1498, na kwamba kuna njia ya chini ya ardhi inayopita chini ya bahari hadi Likoni. Mwisho alidai pesa nyingi kuliko kiingilio, na nilipokataa akanifokea mbele za watu. Je, mtu anahitaji kweli mwongozaji? Na hiyo njia ipo? — Msomaji wa Tanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufokewa. Jambo hilo huwapata hata wenyeji wakivaa kofia ya jua.

Tuanze na historia. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, hakupatana na wenyeji, akaendelea hadi Malindi alikopokewa vizuri. Hakujenga chochote Mombasa, na kufikia mwaka 1593, ujenzi wa Ngome ulipoanza, alikuwa amekufa zamani, maana alifariki mwaka 1524. Ama njia ya chini ipo, lakini haina maajabu ya namna hiyo. Ni njia iliyochongwa katika jabali la matumbawe, yenye matao, ambayo inatoka ndani ya Ngome ikishuka kuelekea ufuoni, ili walio ndani waweze kupokea watu na vitu kutoka vyomboni bila kuzunguka mjini. Uiteremke ukitembelea tena, nawe utaiona bahari mbele yako mwisho wake. Kwa maoni yangu njia fupi iliyo ya kweli ina utamu kuliko ndefu ya uongo, kwa sababu unaweza kuigusa na kujiuliza kuhusu wale waliokuwa wamekwama juu wakati Ngome ilipozingirwa tangu mwezi wa Machi mwaka 1696 hadi Desemba mwaka 1698, wakiitazama bahari kila siku wakingoja tanga la msaada. Njaa na maradhi viliwamaliza hata kabla ya risasi, na walipoingia Waomani walikuta watu wachache mno.

Kuhusu mwongozaji: anahitajika, ila si yule anayekukamata mkono barabarani. Nunua tiketi yako kwanza, ingia, kisha uliza pale pale kwenye ofisi ya tiketi ni nani waongozaji wanaotambuliwa, na mpatane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza. Mwongozaji mzuri utamjua kwa namna anavyojibu swali asilolitarajia. Mwulize, kwa mfano, kwa nini kuna birika la maji ya mvua ndani ya Ngome wakati mji ulikuwa na visima. Akikueleza kwamba aliyezingirwa hawezi kuteka maji kwenye kisima cha nje, mlipe kwa moyo mkunjufu. Akikuambia ni bwawa la kuogea la malkia, mshukuru na uendelee peke yako.

SWALI: *Assalaam alaykum. Mimi ninaishi Maskati, na babu yangu mzaa mama alizaliwa Mombasa. Nyumbani kwetu Kiswahili bado kinazungumzwa na wazee, na sisi vijana tunajifunza. Nitapita Mombasa kwa siku moja tu nikiwa safarini kwenda Lamu. Nimesikia kwamba Ngome ni mambo ya Wareno matupu. Je, kuna chochote humo kinachonihusu, au niende moja kwa moja kutafuta mtaa wa babu? — Mjukuu, Maskati*

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Nenda Ngomeni kwanza, na kisha katika mtaa wa babu, kwa sababu viko karibu na kimoja kinakieleza kingine.

Wareno walikaa humo kwa takriban karne moja. Baada ya mwaka 1698 Ngome ilikuwa mikononi mwa watu wa Oman, ukiacha kipindi kifupi cha mwaka 1728 hadi 1729 Wareno waliporudi wakafukuzwa. Ndani ya ngome ndogo ya pembeni iitwayo São Filipe kuna nyumba iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 18, nayo sasa ina maonyesho ya mapambo ya fedha na vitu vingine vya Oman. Kuna pia ukumbi wa Mazrui, wenye mbao za nakshi za wakati wao. Nakuomba usivipite kwa kusema hivi umekwisha kuviona Maskati.

Lakini usitegemee hadithi ya sifa tupu, kwani iliyopo ni tamu zaidi. Mazrui walikuwa magavana waliowekwa na watawala wa Oman, na ukoo wa Busaidi ulipochukua utawala huko Oman katika miaka ya 1740, Mazrui wa Mombasa walikataa kuutambua. Kwa karibu miaka 100 Ngome hii ilikuwa ya Waomani waliowakaidi Waomani wenzao, wakiungwa mkono au kupingwa na mataifa, yaani makundi ya koo, ya Waswahili wa Mvita kulingana na ugomvi wa siku hiyo. Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo huo wa Busaidi, hakuipata kwa uhakika hadi mwaka 1837. Hata baada ya hapo haikutulia: mwaka 1875 akida wa Ngome alimwasi Sultani Barghash wa Zanzibar, na ikabidi manowari za Waingereza zipige mizinga ndipo asalimu amri. Waingereza wenyewe waliigeuza kuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958, kisha ikawekwa chini ya hifadhi, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Miaka yote hiyo ya jela, bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu yake, kwa kuwa pwani ilihesabiwa kuwa milki yake iliyokodishwa, hadi uhuru wa Kenya ulipokaribia mwaka 1963. Ukisimama juu ya ukuta, jiulize babu yako aliitazamaje bendera ile, na kama aliwahi kuwa na jamaa aliyefungwa chini yake.

Halafu kuna boriti. Ukiingia katika nyumba yoyote ya zamani mtaani, inua macho utazame dari. Boriti za mikoko za namna hiyo, hasa kutoka Lamu, zilipakiwa majahazini zikapelekwa Oman na Ghuba kwa mamia ya miaka, ambako miti mirefu ni adimu. Ikiwa nyumba ya zamani ya familia yenu bado imesimama, pima upana wa chumba kimoja kabla ya kusafiri, kisha ukifika Mombasa uombe ruhusa upime kimoja hapa. Usishangae ukikuta tofauti ya shubiri moja tu.

Kuhusu kuutafuta mtaa, usianze na ramani ya simu. Nenda baada ya alasiri, taja jina la babu na la baba yake kwa wazee walioketi barazani, kisha ukubali kahawa utakayopewa hata kama una haraka. Wataanza kwa kukuuliza kabila lenu na msikiti mliokuwa mkisali, kwa hiyo mpigie mama simu mapema.

SWALI: *Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo kutoka Bujumbura. Ninataka kupiga picha nyingi Mji wa Kale kwa ajili ya kazi ya masomo. Kuna masharti yoyote ya mavazi au ya kamera? — Mwanafunzi, Bujumbura*

JIBU: Ndugu mwanafunzi, Mji wa Kale ni mtaa wa watu, nao wanaanika nguo na kulea watoto humo humo, kwa hiyo mavazi yafunike mabega na magoti, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kuta, milango na njia ni ruhusa kuzipiga. Mtu mwombe kwanza, na mwanamke aliyevaa buibui akikuonyesha kiganja, shusha kamera na uombe radhi bila kubishana. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana njia za karibu na misikiti hujaa waumini na maduka mengi hufungwa, basi muda huo ubaki ndani ya Ngome. Kamera yako ikiwa kubwa yenye miguu mitatu, uliza kwenye ofisi ya tiketi kama kuna kibali cha ziada kabla ya kuifungua, na picha nzuri za nyuso usizitafute saa saba mchana. Mwanga mzuri katika vichochoro huja kuanzia saa kumi, na hudumu karibu saa moja u nusu.